Je, serikali iwawekee wenye nyumba kiwango cha kodi? Jibu kwa mpangaji wa Kisauni

SWALI: "Assalaam aleikum. Napanga nyumba ya vyumba viwili Mlaleo, Kisauni, mimi na watoto wangu watatu. Nilipoingia nikilipa shilingi 7,000 kwa mwezi. Sasa nalipa 11,000, na mwenye nyumba ametutumia ujumbe wa simu kwamba kuanzia Januari ni 13,500, asiyeweza ahame. Nilipomlalamikia akaniambia naye amepandishiwa kodi ya kiwanja na mwenye ardhi, hana la kufanya. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na mapato yangu hayapandi hivyo. Wewe huwa watetea soko huria na kusema serikali isiingilie bei. Basi nifafanulie: kwa nini serikali isiweke kiwango ambacho mwenye nyumba haruhusiwi kukipita? Au ninyi watu wa uhuru wa soko mko upande wa matajiri tu?"

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako nikaona ina maswali matatu ndani yake. La kwanza ni la Januari: elfu mbili na mia tano zaidi kila mwezi zitatoka wapi? La pili ni la haki: mtu mmoja anawezaje kuamua kwa ujumbe wa simu kama watoto wako watabaki kwenye shule yao au la? La tatu unaniuliza mimi: hii falsafa yangu ina nafasi kwa mtu kama wewe? Nitaanza na la tatu, kwa sababu nisipolijibu vizuri, mengine yote utayasikia kama maneno ya wakili wa mwenye nyumba.

Mapokeo ninayoyafuata, ambayo wengi huyaita uliberali wa kale, hayakuanzishwa kuwalinda wenye mali. Mojawapo ya ushindi wake mkubwa wa mwanzo ulikuwa dhidi ya wenye ardhi. Uingereza ya mwanzo wa karne ya 19 ilikuwa na sheria za kuzuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje. Mkate ukapanda bei, na pamoja nao zikapanda kodi walizotoza wenye mashamba makubwa, ambao pia ndio waliokuwa wamejaa bungeni. Mwanauchumi David Ricardo alionyesha wazi jinsi faida ya sheria hizo ilivyoishia mfukoni mwa wenye ardhi, na Richard Cobden na wenzake wakafanya kampeni nchi nzima mpaka zikafutwa mwaka 1846. Adam Smith naye, mwaka 1776, aliwaandika wenye ardhi kama watu wanaopenda kuvuna pasipopandwa. Tunachokitetea ni kwamba sheria iwe moja kwa wote, mali ya maskini iheshimiwe sawa na ya tajiri, na asiwepo mtu anayetumia nguvu ya serikali kujitajirisha kwa gharama ya mwenzake. Ukipima kwa mizani hiyo, utaona mbele huko kwamba Mombasa ina mengi ya kulalamikiwa, na mimi nalalamika pamoja nawe.

Sasa tuje kwenye kiwango cha kodi. Wengi hudhani Kenya haijawahi kujaribu. Imejaribu, na sheria yenyewe bado ipo vitabuni. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilianza mwaka 1959, kabla ya uhuru. Inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake ni kodi iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Kwa nyumba hizo mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji bila kupitia baraza maalumu la kodi za nyumba. Mwaka 1981 nyumba ya shilingi 2,500 ilikuwa ya mtu mwenye mshahara mzuri. Leo pesa hizo, ukibahatika, ni chumba kimoja cha choo cha kushirikiana. Sheria iliganda pale pale huku maisha yakiendelea, na wewe wa 11,000 uko nje yake kabisa. Mwaka 2021 ulipelekwa bungeni mswada wa kuziunganisha na kuzibadilisha sheria hizi za wapangaji, kwa hiyo mjadala unaoutaka si mpya.

Naieleza historia hii kwa sababu inaonyesha tabia ya viwango vya bei. Siku vinapowekwa huwa na maana fulani. Baada ya miaka kumi huwa na maana nyingine, na hakuna mwanasiasa anayetaka kuvigusa. Kuviongeza ni kuwaudhi wapangaji, kuviondoa ni kuwaudhi zaidi, basi huachwa vioze.

Tatizo kubwa zaidi ni la vyumba vyenyewe. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika kaunti ya Mombasa. Ile ya 2019 ilihesabu 1,208,333. Katika miaka kumi waliongezeka watu karibu 269,000, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kuweka ubavu. Kodi inapopanda Mlaleo, Bakarani na Mtopanga, inatuambia kwamba watu wanaotafuta vyumba wamewapita wanaojenga. Serikali inaweza kuizuia bei hiyo isitajwe, lakini haitakuwa imeongeza hata kitanda kimoja.

Hebu tupige hesabu kama mtu anayetaka kujenga. Tuseme una shilingi milioni 2.4 na unafikiria kujenga ploti ya vyumba vinane vya kupangisha, kila kimoja 3,500. Vikijaa mwaka mzima bila mpangaji hata mmoja kutoroka, unapata 336,000. Ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba ni asilimia 7.5 ya mapato yote, kabla hujaondoa gharama yoyote, tangu Januari 2024. Hapo zinatoka 25,200, unabaki na 310,800. Bado hujalipa gari la kunyonya choo, hujabadilisha bati lililoliwa na chumvi ya bahari, hujamlipa kereteka, na hujahesabu miezi ambayo chumba kilikaa kitupu. Mwanzoni mwa 2024 serikali yenyewe ilikuwa ikikopa kwa wananchi, kupitia hati zake za mkopo za muda mfupi (Treasury bills), kwa riba ya zaidi ya asilimia 16. Milioni zako 2.4 huko zingekuletea kama 384,000. Toa ushuru wa asilimia 15, unabaki na 326,400, wala hupigiwi simu saa nne usiku kwamba choo kimeziba. Riba hizo zimeshuka tangu hapo, na ninaamini kushuka huko kutawarudisha baadhi ya watu kwenye kujenga. Lakini unaona jinsi tofauti ilivyo nyembamba. Sasa ongeza sheria inayosema chumba kisizidi 2,500. Mapato yako ya mwaka yanakuwa 240,000, tena chumba kikijaa. Utajenga? Mimi nisingejenga, na sidhani kama nina roho mbaya kuliko watu wengine.

Waliokwisha kujenga nao hawataweza kubomoa, lakini wataacha kutengeneza. Kutengeneza ni gharama, na faida ya kutengeneza ni kumvutia mpangaji anayelipa vizuri. Ukimwondolea faida hiyo, atakwambia bati libaki hivyo hivyo, weka karai chini. Zitazame nyumba za zamani za halmashauri pale Tudor na Changamwe, ambazo sasa ziko chini ya kaunti. Kodi yake iliwekwa chini na siasa kwa miaka mingi. Wasiokuwa nazo wakaona wenzao wamebahatika, lakini plasta ilidondoka, mabomba yakaoza, na kaunti imekuwa na mipango ya kuzibomoa ijenge upya. Wakati huo huo, kitu kikiwa haba na bei yake imezuiwa, hugawanywa kwa njia nyingine: kwa foleni, kwa kujuana, kwa kitu kidogo. Mwenye jina kwenye kitabu hukaa kwingine akampangisha mtu wa tatu kwa bei ya sokoni. Wafanyabiashara wa mjini wanalijua hili kwa upande wa maduka. Sheria ya mwaka 1965 inayolinda wapangaji wa maduka na hoteli ndiyo moja ya sababu anayetaka duka pahali pazuri hudaiwa kwanza pesa za kilemba, ile gudwili, wakati mwingine kubwa kuliko kodi ya mwaka. Muuza mahamri anayeanza biashara hana pesa za kilemba.

Nisikufiche, hata hivyo, upande wa pili. Viwango vya kodi huwasaidia watu fulani kweli. San Francisco, Marekani, mwaka 1994 wapiga kura walipanua udhibiti wa kodi uhusu majengo madogo yaliyojengwa kabla ya 1980. Wanauchumi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford walifuatilia kilichotokea na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Wapangaji waliokuwa ndani tayari walinufaika: walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kwenye nyumba zao, hasa wazee na waliokaa muda mrefu. Lakini wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakayageuza kuwa ya kuuza au wakayajenga upya, na kodi za mji mzima zikapanda kwa asilimia 5.1. Yaani waliokuwa ndani walilipiwa na waliokuwa nje. Kiwango kikiwekwa kesho na wewe ukiwa tayari Mlaleo, huenda wewe binafsi ukafaidika kwa miaka mitatu minne. Binti yako atakapoanza maisha na kutafuta chumba chake, yeye ndiye atakayekuwa nje. Mimi naona hiyo ni bei mbaya, lakini nakueleza ili uipime mwenyewe.

Sasa naomba turudi kwenye sentensi moja ya barua yako ambayo nadhani wewe uliiandika kama nyongeza tu: kwamba mwenye nyumba naye amepandishiwa kodi ya kiwanja. Kwangu mimi hiyo ndiyo barua yenyewe.

Mtu wa bara akisikia "mwenye nyumba" hudhani ni mwenye ardhi pia. Sisi wa Mombasa twajua sivyo. Mji wetu umejaa nyumba zisizo na ardhi. Mtu hukodishwa kiwanja kwa maneno ya mdomo, au kwa karatasi ya risiti tu. Hujenga nyumba yake ya Kiswahili, vyumba vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na choo, halafu kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake: anaweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha. Ardhi si yake, na haki yake ya kukaa pale hutegemea ridhaa ya mwenye ardhi. Mwenye ardhi akipandisha, analipa. Mwenye ardhi akiuza shamba zima kwa tajiri anayetaka kujenga ghorofa, huyu wa katikati anabaki na mabati na milango.

Kiwango cha kodi ya nyumba kingembana nani hapo? Kingembana huyo wa katikati, ambaye huenda ni mjane aliyeachiwa nyumba ya vyumba sita. Wa juu yake angebaki na kodi yake ya kiwanja kama kawaida. Na jiulize: kwa nini nyumba hizi ni za chini, za udongo na mawe, za mabati, wakati viwanja vyake viko dakika chache kutoka barabara kuu na vingefaa ghorofa tatu za familia kumi na mbili? Ni kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayemwaga zege la ghorofa tatu kwenye kiwanja anachoweza kuambiwa akiondoke. Benki haimkopeshi, hana hatimiliki ya kuweka rehani. Hivyo ardhi iliyo karibu na kazi hubaki na watu wachache, mahitaji yanaongezeka, na wewe unaletewa ujumbe wa 13,500.

Fundo hili lilifungwa zamani. Uingereza ilipotangaza himaya yake mwaka 1895, ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulibaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya Pwani: kila anayedai ardhi alete madai yake mbele ya afisa, ayathibitishe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya serikali ya Uingereza. Waliojua kusoma, kuandika na kuingia ofisini walipata vyeti, wengine vya maeneo makubwa. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na kaya na haikuwa na jina la mtu mmoja, kwa sehemu kubwa walikosa. Wakageuka maskwota kwenye mashamba ambayo babu zao waliyalima. Mtu asije akaniambia kwamba hilo lilikuwa soko huria. Serikali ndiyo iliyogawa, kwa utaratibu wake, kwa waliokuwa karibu nayo. John Locke, ambaye wengi humhesabu baba wa falsafa hii, aliandika mwaka 1689 kwamba mtu humiliki ardhi kwa kuchanganya jasho lake nayo. Ukimchukua Locke kwa uzito, mkulima wa Kisauni aliyepanda mnazi na mwembe ana hoja nzito kuliko mwenye cheti ambaye hajawahi kukanyaga pale. Wenzangu wengi wanaopenda kunukuu haki ya mali hulipita jambo hili haraka mno.

Je, dawa ni kuwanyang'anya wenye vyeti? Hapana. Wengine wamenunua kwa pesa halali mara tatu nne tangu 1908, na Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinawalinda. Serikali ikijizoesha kunyang'anya, hata nyumba ya yule mjane haitakuwa salama. Njia ya kununua imewahi kutumika: shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilivamiwa wakati wa ghasia za 1997, na mwishowe serikali ikalinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni moja. Mwanzoni mwa 2016 wakaazi wakaanza kupewa hati. Ilikuwa ghali, ilichelewa, na ilikuja karibu na uchaguzi kama mambo haya yanavyokuja. Hata hivyo, anayeishi pale na hati yake mkononi anaweza kujenga ukuta wa mawe akijua ni wake.

Tuna ushahidi wa kile hati inachofanya, na kile isichofanya. Mwaka 1981 familia kama 1,800 zilivamia ardhi pembezoni mwa Buenos Aires, Argentina, bila kujua kwamba ilikuwa ya watu binafsi. Bunge la huko likapitisha sheria ya kuinunua. Baadhi ya wenye ardhi wakakubali fidia mara moja, wengine wakaenda mahakamani kwa miaka mingi, kwa hiyo majirani waliofanana kwa kila kitu wakajikuta wengine na hati, wengine bila hati, kwa bahati tu. Watafiti Sebastián Galiani na Ernesto Schargrodsky waliwalinganisha miaka mingi baadaye. Wenye hati walikuwa wameboresha nyumba zao zaidi, na watoto wao walikuwa wamesoma zaidi. Mikopo ya benki, ambayo wengi waliiahidi, iliongezeka kidogo sana. Kwa hiyo sikuahidi miujiza. Nakuahidi kuta bora na watoto waliosoma, na hayo si madogo.

Ningekuwa na sauti kwa kaunti na serikali kuu, hapo ndipo ningeitumia. Kwanza sheria ya kumpa mwenye nyumba isiyo na ardhi mkataba wa kiwanja ulioandikwa na kusajiliwa, wa miaka mingi, wenye kanuni ya kupandisha inayojulikana mapema, na haki ya kununua kwa bei ya mthamini mwenye ardhi akitaka kuuza. Halafu ushuru wa kaunti uegemee zaidi kwenye thamani ya ardhi tupu kuliko kwenye jengo, ili anayekalia ekari kumi zenye magugu asione raha kungoja. Adam Smith aliwahi kusema kwamba kodi ya ardhi ni kitu kinachofaa kutozwa ushuru, kwa kuwa mwenye ardhi huipata mara nyingi bila kufanya kazi. Na vibali vya kujenga vipatikane kwa siku zinazohesabika, bila mtu kulazimika kumjua karani.

Kuhusu nyumba za bei nafuu ambazo serikali inajenga, nitasema machache. Sheria ya 2024 inamkata kila mwenye mshahara asilimia 1.5, na mwajiri wake kiasi hicho hicho. Wengi wanaokatwa ni wapangaji kama wewe, wanaochangia nyumba ambayo mwingine ataipata. Ningependelea pesa hizo zitumike kupima ardhi, kusajili viwanja na kuvuta maji na mabomba ya maji machafu mpaka Kisauni, kisha watu wenyewe wajenge. Watu wa Mombasa wanajua kujenga.

Lipo swali ambalo ungekuwa na haki ya kunirushia: haya yote ni ya miaka kumi, na Januari ni kesho. Ni kweli. Kwa aliyekwama sasa, mapokeo yangu hupendelea msaada wa pesa taslimu kuliko kuvuruga bei; mwanauchumi Milton Friedman alilipendekeza hilo kwa Marekani mwaka 1962. Hapa kwetu mpango wa Inua Jamii huwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, na kama una mzee nyumbani aliyetimiza miaka 70, hakikisha amesajiliwa. Najua pia udhaifu wake: ukimwaga pesa kwenye mji usiojengwa, sehemu yake huishia kwa wenye nyumba. Ndiyo maana naurudia ujenzi kila mara.

Sasa la Januari. Usimjibu mwenye nyumba kwa hasira wala usinyamaze. Yeye akikupoteza atapoteza pia: mwezi mmoja chumba kitupu ni 11,000, pamoja na rangi na ajenti, na hajui anayekuja atalipaje. Mpangaji anayelipa kwa wakati ana thamani, na hiyo ndiyo nguvu yako mezani. Kabla hujaenda kuzungumza, zunguka mtaa wako uulize nyumba za vyumba viwili za hali kama yako zapangishwa kwa bei gani mwezi huu. Zikiwa 11,500 au 12,000, unayo hoja. Zikiwa 14,000, basi bei yake ni ya soko, na ni bora ulijue hilo kabla ya kuhama na kulipa dipoziti mpya, gari la mizigo na nauli ya watoto kwenda shule. Kisha mpelekee pendekezo la maandishi: 12,000 kuanzia Januari, iongezeke kidogo mwaka wa pili kwa kiasi mtakachokitaja sasa, na kwa miaka miwili hakuna kupandisha nje ya hapo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu upangaji wa hadi miaka miwili hata kwa mdomo, lakini wewe taka karatasi yenye sahihi zenu mbili na shahidi. Mkataba kama huo ndio udhibiti wa kodi ninaouamini, kwa sababu mmekubaliana ninyi mnaojua hali zenu, na mahakama inaweza kuutekeleza. Kama hataki kutia sahihi, bado unalipa mwezi kwa mwezi, na kwa sheria hiyo hiyo notisi ya kukutoa isipungue mwezi mmoja. Lipa kwa simu, si mkononi, na uhifadhi kila ujumbe wa malipo pamoja na wa dipoziti.

Zingatia pia kwamba hata ukichelewa kodi, mwenye nyumba haruhusiwi kubeba friji na vyombo vyako mwenyewe. Sheria inamtaka atumie mpiga mnada mwenye leseni. Ukihama na akakunyima dipoziti bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Jirani yako wa chumba cha 2,500 au chini yake naye asitoke kwa ujumbe wa simu tu. Yeye bado anaweza kwenda kwenye baraza la kodi za nyumba.

Lakini kuna jambo moja ambalo mkataba peke yake hauwezi kulitatua, nalo linanipa wasiwasi kuliko zile 2,500 za nyongeza. Mwenye ardhi anapoanza kupandisha kodi ya kiwanja ghafla, wakati mwingine anajitayarisha kuuza. Muulize mwenye nyumba wako kwa utulivu: ana karatasi gani ya kiwanja, risiti ya mwisho ni ya lini, amepokea barua yoyote ya wakili? Muulize na mzee wa mtaa kama wapimaji wameonekana. Wanaohesabiwa kukaa kwenye ardhi ya mtu bila haki lazima, kwa marekebisho ya sheria ya 2016, wapewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa, na wanaweza kwenda kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi kupinga. Muda huo huisha haraka kama watu wanaupoteza kwa mikutano. Ikiwa barua kama hiyo imekwisha kuja, basi nendeni wapangaji na mwenye nyumba pamoja, na risiti zenu zote za kodi na za kiwanja, kwa wakili au kwa Kituo cha Sheria, ambao wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa. Na mtu yeyote akija na karatasi ya kutia sahihi, hata akisema ni ya kuandikisha majina ya fidia tu, msitie sahihi mpaka wakili aisome.